Mgeni Namba Arobaini na Moja Hakusalimia

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina zuri sana, lakini siwezi kuliandika hapa. Kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwaka juzi ikisubiri kibali cha kufunguliwa. Kwa hiyo nitasema Nchi Yetu tu. Atakayedhani nasema kwao, hiyo ni shauri yake, mimi simo.

Jina langu ni Mwinjuma, Ofisa Itifaki Daraja la Tatu katika Chuo Kikuu cha Taifa. Kazi hii watu huidharau, wanadhani ni kupanga viti na kugawa maji ya chupa. Ebo! Pasipo sisi nani angejua nani amsalimu nani? Nchi Yetu haina barabara nyingi wala dawa nyingi, lakini kwa salamu hatushikiki. Tunayo Sheria ya Salamu, na naiheshimu kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Sheria ile inasema hivi: mtu yeyote anayefungua kinywa mbele ya hadhara lazima kwanza awataje wakubwa wote waliopo, kwa majina na vyeo, kutoka juu kushuka chini, bila kumruka hata mmoja. Mkubwa akiingia katikati ya maneno, msemaji anarudi mwanzo. Asemaye bila kusalimia anatolewa nje. Kuna mwaka mkuu wa zimamoto alikuja mbio kwenye mkutano kutangaza kwamba jengo linaungua. Alisalimia watu thelathini na wawili bila kukosea, na jengo likaungua bila kukosea pia. Wale waliopona walimpa nishani.

Sasa, ilikuwa hivi. Mlezi Mkuu wa Taifa alisafiri ng'ambo, akaonyeshwa chuo kimoja kinachofungua milango yake kwa njia ya mtandao. Mtu amekaa zake sebuleni, anatembelea vyumba vya lugha za dunia, anasikia nyimbo, anaona mapishi, anauliza maswali. Mlezi Mkuu akapendezwa mno. Alipotua tu uwanja wa ndege alitoa agizo, akiwa bado kwenye ngazi za ndege: chuo chetu nacho kifungue milango, dunia nzima iingie, lugha na tamaduni zote zionekane, na iwe ndani ya mwezi mmoja.

Tukaanza maandalizi ya Siku ya Milango Wazi. Kitu cha kwanza tulifunga mageti yote kwa minyororo, ili fujo isiingie. Cha pili tukawarudisha wanafunzi makwao, maana walikuwa wanamaliza mtandao. Cha tatu tukaunda kamati.

Kamati ilipanga vyumba. Chumba cha Kifaransa kilipewa picha ya mnara na mhadhiri aliyewahi kula mkate wao. Chumba cha Kirusi alipewa mzee Bwana Chandika wa maabara, ambaye alisoma huko miaka mitano na anachokumbuka ni baridi tu. Basi akawa anakaa mbele ya kamera amevaa koti na kutetemeka. Chumba cha Kijapani alikalia shemeji yake Mkuu wa Chuo, kwa sababu alikuwa na nguo ya judo. Jamani, kwa mbali ilipendeza.

Kasoro ikajitokeza siku nane kabla. Barua ilitoka Wizara ya Lugha, Mavazi na Ngoma ikiuliza: ya kwetu iko wapi? Dunia ikija kutazama itaonyeshwa vyake yenyewe? Itafutwe lugha ya hapa nchini, iwe adimu, na iwe na msemaji aliye hai.

Mkuu wa Chuo, Profesa Gwandumi, alishika kichwa. Yeye ndiye bingwa wetu wa lugha. Ameandika kitabu kinene kuhusu Kisholwe, lugha ya watu wa Bonde la Sholwe, ambalo liko chini ya maji ya Bwawa la Maendeleo sasa hivi. Kitabu kinathibitisha, kwa majedwali, kwamba lugha hiyo ilikufa zamani na haina msemaji hata mmoja. Kilimpa uprofesa. Sasa amtoe wapi msemaji?

Tulikuwa ofisini mwake tukilijadili jambo hilo wakati mfagiaji, Bi Nzelamu, akipitisha ufagio chini ya meza. Profesa aliinua miguu kama ilivyo kawaida yake, miaka kumi na mmoja sasa. Bi Nzelamu alijigonga kidole kwenye mguu wa meza, akatoa maneno ambayo sikuyaelewa hata moja.

"Umesema nini, mama?" nikamuuliza.

"Nimeitukana meza," akasema. "Samahani, mwanangu. Nikiumia huwa natukana Kisholwe."

Profesa akacheka kwa upole wa wasomi. "Haiwezekani, Bi. Kisholwe kilishakufa. Nimeandika mwenyewe."

"Kweli kilikufa, Profesa?" Bi Nzelamu aliegemea ufagio. "Basi mimi sikuletewa taarifa ya msiba."

Ndivyo tulivyompata. Kwa siku moja mfagiaji akawa Hazina ya Taifa. Akapigwa picha amevaa shanga za kuazima kutoka kwenye kikundi cha ngoma, maana zake hakuwa nazo. Picha ikasambazwa duniani kote na jina lake kamili: Nzelamu binti Shabwe wa Bonde la Sholwe. Chini yake waliandika: Njoo umsikie, dakika tatu tu.

Niliagizwa nimfundishe itifaki. Tukawa tunakaa ukumbini kila adhuhuri akimaliza kudeki, mimi na orodha ya wakubwa kumi na saba, yeye na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu.

"Hiyo dunia yenu itakuwa inanisikia kweli?"

"Kila kona, mama."

"Hata mtu aliye katika nchi nisiyoijua hata jina?"

Nikamwambia hata huyo. Akaweka kikombe chini. Ndipo akanieleza kwamba bonde lilipojazwa maji ya bwawa alikuwa na miaka kumi na minne, na mdogo wake Tunzwe alikuwa na tisa. Malori yalikuja mawili. Karani mwenye orodha aliwagawa watu kwa kuhesabu, huyu hili, huyu lile, na hesabu ikakatia katikati yao. Lori lake Nzelamu likaja huku. Lori la Tunzwe lilivuka mpaka, na tangu hapo hakuna barua, hakuna simu, hakuna neno, miaka arobaini na minne.

"Sitaki mambo yenu ya hazina," akasema. "Nataka zile dakika tatu. Nitasema jina langu na jina lake kwa lugha yetu. Kama yuko hai atajua ni mimi. Hakuna mwingine wa kumwita hivyo."

Nilimwambia ni sawa, mradi asalimie kwanza. Orodha ikisomwa kwa mwendo mzuri inakula dakika mbili na nusu. Zitabaki sekunde thelathini.

"Zinatosha," akasema Bi Nzelamu. "Kumwita mdogo wangu hakuhitaji hotuba."

Akaikariri orodha ile kwa siku nne. Mimi ilinichukua miezi sita nilipoajiriwa, nakwambia ukweli.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi tulikuwa ukumbini, mimi, Profesa, Bi Nzelamu na kompyuta tatu. Wakubwa wengine walikuwa maofisini mwao, kila mmoja na bendera nyuma ya kiti. Mheshimiwa Kiwambo, Waziri wa Lugha, Mavazi na Ngoma, alikuwa hatua mia mbili kutoka tulipo, ng'ambo ya barabara, lakini naye alitaka kuja kwa mtandao ili awe wa kimataifa. Nyuso za wageni zilianza kutokea kwenye kioo, kila mmoja na namba. Tulipata hamsini na watatu. Profesa alitoa agizo waandikwe elfu hamsini na tatu.

Profesa akafungua. Akasalimia wakubwa kumi na saba vizuri sana, akamaliza, akavuta pumzi aseme neno la kwanza. Hapo Waziri akakatika.

Uso wake uliganda mdomo ukiwa wazi, halafu ukapotea. Tukasubiri. Akarudi.

"Mnanisikia?" akasema Waziri.

"Tunakusikia, Mheshimiwa!"

"Mimi siwasikii. Semeni tena."

Sasa patamu hapo. Waziri ameingia katikati ya maneno, na sheria haisemi kwamba aingiaye kwa mtandao hahesabiki. Profesa akanitazama. Nikatikisa kichwa: rudi mwanzo. Akawasalimia upya wote kumi na saba. Alipofika wa kumi na tatu, Waziri akakatika tena.

Nisiwachoshe. Saa nzima ilipita hivyo. Waziri alikuwa akiondoka na kurudi, nasi tukisalimia. Mgeni mmoja kutoka visiwa vya mbali aliuliza kwa maandishi kama salamu hizi ndizo utamaduni wenyewe, au utamaduni utafuata. Nikamjibu ndizo. Sikuona kama nimedanganya. Chumba cha Kifaransa hakikufunguliwa. Bwana Chandika alitetemeka bure kwenye chumba cha Kirusi mpaka jasho likamtoka.

Saa tano na dakika arobaini nikatangaza: Hazina ya Taifa, dakika tatu. Nikawasha kipaza sauti chake.

Bi Nzelamu aliinuka. Shanga za kuazima zilikuwa zikimbana shingo, lakini sauti yake haikutikisika. Alianza na Mlezi Mkuu ambaye hakuwepo ila kwa picha, akaja kwa Waziri, akashuka, akashuka. Alipofika wa tisa, Waziri akakatika na kurudi. Bi Nzelamu alinitazama. Nikainamisha macho. Akaanza upya, haraka zaidi, majina yakimtoka kama mtu anayemwaga choroko, na hakumruka mtu. Wallahi hakumruka mtu. Alipomaliza zilikuwa zimebaki sekunde sita.

Akasema Kisholwe. Sikuelewa, ila nilisikia Nzelamu, nikasikia Shabwe, nikasikia Tunzwe. Jina hilo la mwisho alilivuta, kama mtu amwitavyo mwenzake aliye ng'ambo ya korongo. Dakika tatu zikaisha, nikazima kipaza sauti chake, kama utaratibu unavyotaka.

Halafu, kutoka kwenye kioo, sauti ya mwanamke ikajibu.

Ilitoka kwa Mgeni Namba Arobaini na Moja. Kamera yake haikuwa inawaka, tuliona mraba mweusi tu. Lakini sauti ilikuwa ya mtu mzima, na ilikuwa na ule mwendo ambao nimeusikia nyuma ya ufagio kwa miaka. Ilisema maneno machache, ikanyamaza, ikayarudia. Bi Nzelamu aliishika meza kwa mikono miwili. Halafu akaanza kupiga kelele kwa Kisholwe kwenye kile kioo, na chozi linamtoka, na hakuna anayemsikia duniani isipokuwa mimi na Profesa, kwa sababu kipaza sauti chake nilishakizima, na vyetu vya mdomoni vinanasa sauti ya mwenye kuvivaa tu.

"Washa!" akanigeukia. "Mwinjuma, washa! Ni yeye! Washa, baba, nakuomba!"

"Nani huyo?" Waziri alikuwa amerudi safi kabisa, mtandao ukiwa haujapata kuwa mzuri vile tangu asubuhi. "Nani huyo anayeongea bila kusalimia? Anaongea mbele yangu bila kusalimia!"

"Hajui, Mheshimiwa," nikasema. "Labda tumwambie..."

"Tumwambie nini? Profesa! Hiyo ni lugha gani?"

Profesa Gwandumi, bingwa wa Kisholwe, alirekebisha tai. "Mheshimiwa, kitaalamu, hiyo si lugha yoyote inayojulikana."

"Basi ni usumbufu. Itifaki! Fanya kazi yako!"

Mbele yangu palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kingewasha kipaza sauti cha Bi Nzelamu. Kingine kingemtoa mgeni, na atolewaye kwa kitufe hicho hawezi kuingia tena, mafundi walishatueleza. Mtu pekee ambaye angeweza kumwambia yule mgeni asalimie kwanza alikuwa Bi Nzelamu, na dakika zake zilikwisha. Bi Nzelamu alikuwa amenishika mkono wa shati. Waziri alikuwa ananitaja jina kwenye kioo, wala sikuwa nikijua kwamba jina langu analijua.

Niliogopa. Basi, nimesema. Nina mke, nina wanangu watatu, nina Daraja la Tatu. Nikabonyeza kile cha pili.

Mraba mweusi ukatoweka. Wageni wengine wakasogea kujaza nafasi yake, na Waziri akapiga makofi, na kumi na watano wengine wakapiga makofi kwa kufuatana na vyeo. Kisha akafunga Siku ya Milango Wazi kwa hotuba fupi ya dakika hamsini. Alisema dunia imekuja, imeona, imeridhika. Bi Nzelamu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, akizivua zile shanga polepole, kwani zilikuwa za watu.

Msidhani sikuhangaika. Siku iliyofuata nilikwenda idara ya mitambo kuomba anwani ya Mgeni Namba Arobaini na Moja. Walikuwa nayo. Niliiona faili yenyewe mezani, imefunikwa kwa sahani ya chapati.

"Tunakupa bila tatizo," akasema ofisa, mtu mcheshi sana. "Tunachotaka ni barua ya ridhaa."

"Ya nani?"

"Ya mwenye anwani."

"Nitampataje aniandikie, ikiwa sina anwani yake?"

Akanisikitikia kwa dhati. "Hapo sasa ndipo wengi wanapokwama, kaka."

Nikarudi na barua ya Mkuu wa Chuo. Haikufaa. Nikarudi na Bi Nzelamu mwenyewe. Wakamtaka athibitishe kwamba mgeni ni ndugu yake. Akasema walizungumza lugha moja. Wakafungua ripoti rasmi ya Siku ya Milango Wazi, wakatuonyesha: Mgeni 41, usumbufu, lugha haijulikani. Imesainiwa na profesa wa lugha. Mwezi uliofuata mafaili ya wageni yakateketezwa ili kulinda siri zao, jambo ambalo nchi nyingi bado hazijalifikia.

Matokeo mengine yalikuwa mema. Idara ya Lugha za Dunia ilifungwa kwa heshima, kwa kuwa dunia ilishatembelewa na hakuna aliyeona sababu ya kuirudia. Profesa alitoa toleo jipya la kitabu chake, akaongeza ukurasa kukiri kwamba Kisholwe kina msemaji mmoja, na kwamba baada yake utafiti utakuwa rahisi zaidi. Bi Nzelamu alipewa cheti, jina lake likiwa limeandikwa chini ya majina ya wakubwa kumi na saba. Mimi nilipandishwa kuwa Daraja la Pili.

Ukumbi ule unatumika kuhifadhi bendera siku hizi. Ile kompyuta aliyosemea Bi Nzelamu ingali palepale kwenye meza, haina waya wa kwenda popote. Bi Nzelamu anamaliza kudeki, anafuta vumbi kwenye kioo kwa upindo wa kanga, anakaa mbele yake, anaanza: Mlezi Mkuu wa Taifa, Mheshimiwa Waziri wa Lugha, Mavazi na Ngoma, na kuendelea, mpaka chini kabisa. Serikali ilibadilisha mawaziri mwezi wa tatu. Alikuja ofisini kwangu kuomba orodha mpya, na nikampa.

Huwa ananiita nimsikilize.

"Nimemruka mtu?"

"Hujamruka mtu, mama."

"Basi siku hiyo ikija tena, mimi ndiye nitakayewasalimia watu wote kwa niaba yake. Hawatamkata."

Sina moyo wa kumwambia kwamba hakuna siku iliyopangwa, wala mtandao, wala idara. Nimejaribu mara tatu. Kila nikifungua mdomo najikuta nimeanza na salamu.

Juzi ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza kitu ambacho nilikuwa nakiogopa tangu mwanzo. Nilimuuliza yule mgeni alisema nini, yale maneno machache aliyoyarudia.

Bi Nzelamu alikuwa anakamua tambara ndooni. Hakuacha kukamua.

"Alisema, 'Dada, sikusikii. Sema tena.'"

Hayo tu, mwanangu, akasema. Na kweli yalikuwa hayo tu, maneno yale yale aliyotuambia Waziri siku nzima, nasi kila mara tukamjibu.